Kadi ya Kuazima

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuwashtaki madaktari, swali lao la kwanza ni lile lile: wewe ukiugua utatibiwa na nani? Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi najibu kwamba nitakwenda kwa daktari wa ng'ombe, na anayeendelea kuuliza baada ya hapo namwacha amesimama palepale. Sina subira na maswali ya kitoto. Nimekuwa wakili hapa Gitega tangu mji haujawa makao makuu ya Burundi, kabla wizara hazijahamia na kodi za nyumba kupanda mpaka mtaani kwangu Yoba, na katika mawakili wote ninaowafahamu, wanaume na wanawake wenzangu, hakuna anayezitaka kesi hizi. Wao wanataka za mashamba. Kesi ya shamba hata ukishindwa, shamba lipo, mtu anaweza kwenda kulitazama. Kwenye kesi zangu mimi, kinachogombewa kimeshazikwa.

Ilianza na mama yangu. Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania tukapata kipande chetu cha ardhi Giheta, na mwaka huohuo mama akachomwa sindano ya malaria kwenye zahanati moja. Nesi alichoma pasipotakiwa, na tangu siku hiyo mama anauburuta mguu wa kulia. Majirani walikuja kumpa pole. Walikaa, wakanywa, wakasema, "Mungu ndiye aliyetaka." Nilikuwa bado mwanafunzi wa sheria, na nilitamani kuwafukuza wote uani na vikombe vyao. Mungu hakuishika ile sindano. Maneno hayo nimeyachukia tangu siku ile, na nimeyasikia kila wiki ya kazi yangu. Mtoto kapewa dozi ya mtu mzima, Mungu ndiye aliyetaka. Mama kashonewa kitambaa tumboni, Mungu ndiye aliyetaka. Kazi yangu ni kusimama mbele ya hakimu na kusema hapana, alikuwa fulani, siku fulani, na hiki ndicho alichoacha kukifanya.

Naeleza haya ili ieleweke vizuri nilichokuja kukifanya mwenyewe.

Kuna mwanamke mmoja wa Muyinga, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuja ofisini kwangu na mama yake, asubuhi ya mvua, viatu vyao vimejaa tope mpaka nikamwambia msaidizi wangu aache kupiga deki hadi waondoke. Walikuwa wamemzika mdogo wake wiki tatu nyuma. Mdogo huyo alikuwa mkulima, mjane, mama wa watoto wawili. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, unamtoa damu kila mwezi hadi anashindwa kushika jembe. Alipelekwa kufanyiwa upasuaji kwenye kliniki moja ya binafsi upande huo wa Muyinga, na siku ya pili akafa.

Niliwauliza walikaa kambi gani Tanzania, maana Kiswahili chao kilikuwa cha kule, cha shuleni na kisimani. Walikaa upande wa Kigoma, si mbali na tulipokaa sisi. Basi nikajisikia niko na ndugu. Nikamwagiza msaidizi chai, nikavuta kiti changu upande wao wa meza, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

"Mama," nikamwambia yule mzee, "mimi si padri wala si polisi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Niambieni yote, hata yale ya aibu."

Mwalimu ndiye aliyejibu. Akatoa kwenye mfuko vitu vitatu, akavipanga mezani pangu taratibu, vimenyooka, kama madaftari ya wanafunzi. Kaye ya mgonjwa, lile daftari la shule ambalo kila mtu hapa hununua ili daktari aandike humo. Kadi yake yeye ya mutuelle, bima ya watumishi wa serikali. Na kadi moja kuukuu ya kliniki ya wajawazito kutoka kambini, imeandikwa kwa Kiswahili, imefungwa ndani ya nailoni. Ile ya tatu ilikuwa ya marehemu.

"Alikwenda na kadi yangu," akasema. "Kliniki alikuwa anaitwa jina langu."

Sikushtuka hata kidogo. Hapa kuazimana kadi ya mutuelle ni kama kuazimana jembe. Mtumishi anayo, mkulima hana, na ndugu ni ndugu. Mwenye kadi humpa mgonjwa, na kwa siku tatu nne mgonjwa huitikia jina ambalo si lake. Niliwahi kusoma faili moja ambamo mzee wa miaka sabini alijifungua mapacha. Mwalimu na mdogo wake walifanana sana, na picha ya kwenye kadi ilikuwa imefifia, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

"Sasa mnataka nini?" nikawauliza.

Mama akasema anataka wajukuu wake wasome. Mwalimu akasema, "Mimi nataka kilichomuua kisomwe mbele ya watu. Kisomwe chote."

Niliandika maneno yale kwenye daftari langu. Yako bado. Niliyaandika bila kuyasikia, kama mtu anavyoandika namba ya simu.

Wiki iliyofuata nikaenda Muyinga, kwa njia ya Karuzi, na barua yangu ya kudai faili. Mwenye kliniki alikuwa daktari wa makamo, mnene, anayekunja mikono ya shati kila anapotaka kusema uongo. Alinikaribisha vizuri mno. Nilipomtajia jina la mwalimu akafungua rejista, akanionyesha mstari. Jina la mwalimu, umri wa mwalimu, shule ya mwalimu. Mwisho wa mstari, kwa wino mwekundu, *décédée*. Amekufa. Na wakati huo, kwa hesabu zangu, mwalimu alikuwa darasani anafundisha kugawanya.

Nikaomba fishi yenyewe, zile karatasi za mgonjwa ambazo kliniki huzitunza. Ilikuwa nene kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mwalimu aliwahi kujifungulia palepale kwa kisu, miaka miwili nyuma. Kwenye ukurasa wa kwanza, wa mwaka ule, waliandika kundi lake la damu: A. Kwenye kurasa za mwisho, za marehemu, waliandika kwamba baada ya upasuaji alipungukiwa na damu akawekewa chupa mbili. Chupa za A. Nikatafuta karatasi ya kupima damu kabla ya kumwekea. Nikaitafuta mara tatu. Haikuwepo.

Nikaufungua mkoba wangu chini ya meza, nikatazama ile kadi ya kambini ndani ya nailoni. Kundi la damu: O.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Mtu wa O akiwekewa damu ya A, mwili wake mwenyewe unapigana nayo mpaka unashindwa. Ndiyo maana kuna kanuni ambayo mwanafunzi wa unesi hufundishwa mapema kabisa: kabla ya kumwekea mtu damu, unapima. Fishi ikisema, unapima. Mgonjwa mwenyewe akisema, unapima. Hata awe mama yako mzazi, unapima. Wale hawakupima. Walisoma ukurasa wa kwanza wakaenda kwenye friji.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Atakayesema wakili hafurahi siku kama hiyo ni mnafiki. Kwa miaka yote nimegombana na faili zilizopotea, kurasa zilizochanwa, manesi wasiokumbuka kitu, na sasa kosa lilikuwa limelala wazi mbele yangu, na sahihi chini yake. Nikamwambia daktari, bila kupaza sauti, kwamba aliyekufa hakuwa mwenye fishi, kwamba damu yake ilikuwa O, na kwamba tutaonana mahakamani.

Akakunja mikono ya shati.

"Maître," akasema, maana huku kwetu wakili huitwa hivyo, "mi sina *problème* na we. Lakini angalia vizuri. Mutu anakuya hapa na kadi ya mwingine, na jina ya mwingine. *Donc* mi natibu ule mwenye iko kwa fishi. Ukifungua hii *dossier*, wa kwanza kuulizwa si mi. Ni mwalimu. Njo atapoteza kazi. Na mama yake atasikia asubuhi nzima kama damu yenye iliua mutoto iliandikwa kwa fishi ya mutoto mwingine. We unataka hivyo?"

Nilimjibu kwa ukali, nilivyozoea. Nikamwambia asinifundishe kazi. Lakini nilipotoka nje sikuondoka. Nilikaa kwenye ukuta wa maua wa kliniki, juani, na ndipo nilipoliona jambo lenyewe, ambalo furaha ilikuwa imenificha. Kile kitu nilichokuwa nimekibeba kwenye mkoba, kusomwa kwake mahakamani kungemwambia mwalimu kwamba kadi aliyomwazima ndiyo iliyomfikisha mdogo wake pale. Angekuwa amesimama karibu na mama yake. Angelisikia kutoka mdomoni mwangu.

Na mimi nikaamua peke yangu, juu ya ukuta ule wa maua, kwamba hajui, na kwamba hatajua. Sikumpigia simu. Sikumwita tukae, mimi na yeye, nimwulize. Nimewahi kuwafokea madaktari wangapi kwa kosa hilo hilo, la kumwamulia mgonjwa bila kumwuliza? Nikarudi ndani. Daktari alikuwa ameshaagiza soda mbili.

Tuliafikiana. Kliniki ingewasomesha watoto wawili mpaka wamalize, na familia ingesaini karatasi kwamba kifo hakikutokana na kosa la mtu yeyote. Ukisaini karatasi kama ile, mlango umefungwa, hakuna mahakama itakayoufungua tena. Bili ile daktari hakuipeleka kwa mutuelle, kwa sababu mutuelle ingeuliza maswali. Kwa hiyo serikalini mwalimu alibaki hai na mshahara wake. Kwenye rejista ya kliniki alibaki amekufa. Mdogo wake hakuwa ameandikwa amekufa mahali popote, ila kwenye msalaba wa mbao nyuma ya nyumba yao.

Nikawaita Gitega. Nikawaambia nimechunguza, ushahidi hautoshi, moyo ulisimama baada ya upasuaji, hutokea. Nikatafuta neno la kumalizia, nikaona mama ananitazama kama anasubiri kitu cha kushika. Nikamwambia, "Mama, Mungu ndiye aliyetaka."

Nililisema mimi. Kwa kinywa changu hiki.

Mama akaitikia kwa kichwa. Mwalimu hakuitikia. Alikuwa ameishika kalamu tayari, lakini hakuiteremsha.

"Damu je?" akaniuliza.

"Damu ilikuwa sawa."

"Umeangalia vizuri, Maître?"

"Nimeangalia."

Akanitazama muda. Nilidhani ni majonzi. Kisha akasaini, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akamwongoza mama yake mkono mpaka alama ya dole gumba. Nikawarudishia kaye na kadi ya mutuelle. Ile ya kambini sikuirudisha. Nilijiambia naificha ili asije mtu akaisoma. Nikaiweka kabatini, chini ya faili zilizokwisha.

Nilidhani nimetenda wema. Nilidhani hivyo kwa muda wa kama mwezi.

Halafu kikaanza. Nikifungua faili ya mtu mwingine, hata ya mguu uliovunjika ambao hauna habari yoyote ya damu, naisikia ile sauti inaniuliza, damu je? Nikisimama mbele ya hakimu na kuanza, "Mheshimiwa, huyu hakupima, hakuandika, hakuuliza," ulimi unakuwa mzito. Wenzangu wakasema nimezeeka ghafla, nimekuwa mpole. Sokoni Gitega nilimfuata mwanamke mmoja kwenye mstari mzima wa wauza maharage kwa sababu ya mgongo wake, na alipogeuka hakuwa mwalimu wala hakufanana naye. Ile kadi nayo iliniita. Mama yangu kule Giheta anayo kama ile ile, rangi ile ile, muhuri ule ule, ameihifadhi kwenye Biblia. Kila nilipokwenda kumwona nilijikuta naiangalia Biblia kabla ya kumwangalia yeye.

Yule mzee wa Muyinga alikuwa ananipigia simu kila baada ya muda, kunisalimu tu. Hakuulizia kesi. Alinishukuru, watoto wanasoma. Ila kila mara alikuwa na habari moja ya mwalimu. Mwalimu hali chakula. Mwalimu amekonda, nguo zinamvuka. Siku moja akaniambia kisa kama kichekesho: mwalimu alikuwa na homa, akaenda kituo cha afya, na nesi aliyewahi kufanya kazi kwenye ile kliniki akaikumbuka ile kadi. Akasema, "Mbona huyu alikufa?" Watu kwenye foleni wakacheka. Mwalimu akasema, "Ni kweli," akachukua kadi yake akarudi nyumbani na homa yake.

"Ni majonzi, mama," nikasema. "Yatapita."

Mwaka ulipotimia wakanialika kuganduka. Huku kwetu msiba hauishi siku ya kuzika. Unaukaa, na mwaka ukifika watu wanakusanyika, wanakula, wanakunywa, na hapo ndipo wafiwa wanatoka kwenye msiba, ndiyo kuganduka. Lakini kabla ya kutoka, mkubwa wa ukoo anasimama na kuuliza kama kuna mtu mwenye jambo na marehemu, deni au ahadi au neno, aliseme sasa. Baada ya hapo hakuna kusema tena. Wanasheria wa Ulaya wangekipa kitu hicho jina refu. Sisi tunakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai na kusubiri.

Nilikwenda na ile kadi kwenye mkoba. Nilikuwa nimepanga kumpa mama yake pembeni, wakati wa kuaga, nimwambie niliisahau.

Kulikuwa na wali na maharage na ndizi, soda kwa walokole, na pombe ya ndizi kwa wengine. Mjomba wao akasimama akauliza. Jirani mmoja akasema marehemu alimwachia debe la mbegu, akaambiwa zibaki kwake. Mwanamke mwingine akasema alimkosea kwenye maneno, anaomba radhi. Mjomba akauliza mara ya pili. Nilikuwa natazama vidole vyangu.

Mwalimu akasimama.

"Mimi ninalo," akasema. Alisema kwa sauti ya darasani, mpaka watoto waliokuwa nyuma wakanyamaza. "Mdogo wangu alikwenda kliniki na kadi yangu. Mnajua. Ambalo hamjui ni hili. Kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji alinipigia simu. Akaniambia, dada, wananiuliza kundi la damu, niseme lipi? Mimi nilijua lake ni O. Kambini mimi ndiye niliyekuwa namsomea kadi zake. Na langu nilijua ni A, na nilijua A ndiyo iliyo kwenye fishi. Nikaogopa atagunduliwa. Nikamwambia, sema A. Usiwachanganye. Akasema, sawa dada. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho."

Akakaa. Ndizi zilikuwa zinapoa kwenye sinia.

Hapo nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Alipovipanga vile vitu vitatu mezani kwangu, alikuwa amekuja kujileta mwenyewe. Alitaka kisomwe chote, na yeye awemo. Na aliponiuliza damu je, alikuwa ananipa nafasi, na mimi nikamfungia mlango usoni huku nikijiona mama mwema.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nikawaambia wale watu kwamba mimi ni wakili, kwamba niliiona faili, kwamba kosa lilikuwa la kliniki. Nikawaambia ile kanuni: fishi ikisema, unapima. Mgonjwa mwenyewe akisema, unapima. Angesema A, angesema B, angesema hajui, walipaswa kupima, ni kazi ya dakika chache, na wangempima angekuwa yuko hapa anagawa wali. Niliisema vizuri. Nadhani sijawahi kuisema vizuri namna ile mbele ya hakimu yeyote.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema taratibu, "Ungeyasema haya mwaka jana, Maître, ningeyaamini."

Mama yake alikuwa ameketi chini kwenye mkeka. Akanitazama kutoka kule chini.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Siku ile nilipokwenda kliniki, mama."

"Kabla hatujasaini."

"Kabla."

Akafikiri. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Hasira naijua, ni lugha yangu. "Mwaka mzima," akasema, "huyu mtoto amekaa na mimi anajua yeye ndiye muuaji. Hali, halali. Na wewe ulikuwa na hayo maneno. Umekaa nayo Gitega. Si wewe uliyetuambia mficha maradhi kifo humuumbua?"

Nilisema, "Ni mimi, mama."

Tulichoweza kufanya baada ya hapo kilikuwa kidogo. Ile karatasi waliyosaini ilikuwa imara. Niliiandika mwenyewe na mimi siandiki ovyo. Kliniki nayo ilikuwa imeshafungwa, daktari amehama, jengo linahifadhi maharage ya mfanyabiashara mmoja. Ada za watoto tangu wakati huo nalipa mimi, na hilo si la kujisifia. Kilichobaki ni jina. Marehemu kwenye karatasi za serikali alikuwa bado hai. Nikafungua maombi kwenye mahakama ya huko Muyinga, atangazwe amekufa kwa jina lake mwenyewe. Ni kesi ndogo, ya kupewa wakili mwanafunzi. Lakini ilihitaji shahidi wa kueleza kwa nini kliniki iliandika jina lingine, na hilo lilimaanisha mwalimu asimame aeleze habari ya kadi, mbele ya karani anayeandika. Safari hii nilimwuliza. Nilimweleza kila kitakachoweza kumpata, kazini na kwingine. Akasema, "Ndicho nilichokijia mwanzo."

Hakimu alikuwa kijana, amechoka, ana mafaili ya mashamba hadi kidevuni. Akamwuliza mwalimu jina lake, akalitaja. Akamwuliza aliyekufa ni nani. Mwalimu akalitaja jina la mdogo wake, lote, la nyumbani na la ubatizo, na kulitaja kule kulichukua muda kwa sababu sauti ilikatika katikati na ikabidi aanze upya. Mimi hapa silitaji. Lilitajwa pale, na karani akaliandika, na linatosha. Kisha akaeleza habari ya simu. Nami nikaomba ruhusa nikaisoma ile kanuni, na hakimu akakubali iingie kwenye hukumu, mistari miwili: kwamba wajibu wa kupima ulikuwa wa kliniki, na hauondolewi na maneno ya mgonjwa wala ya ndugu yake. Mwalimu aliomba nakala. Alisimamishwa kazi miezi kadhaa kwa ajili ya ile kadi, akalima, akarudishwa. Mama yake ananiambia anakula.

Siku ile ya hukumu, nje ya mahakama, nilimpa ile kadi ya kambini. Nilikuwa nimeifuta nailoni yake, nimeibeba kwa mikono miwili. Aliipokea, akaisoma mbele na nyuma kama mwalimu anayesahihisha. Halafu akanirudishia.

"Kaa nayo, dada," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza aniite dada. "Sisi tumeshaganduka. Wewe bado."

Akamshika mama yake mkono wakavuka barabara kwenda kutafuta pikipiki. Kadi iko kabatini, si chini ya faili tena, iko juu, ninapoiona. Bado naitwa Maître, na bado nawashtaki madaktari. Wateja wakiingia nawaambia wakae, nawaagizia chai, na ile methali ya mficha maradhi kifo humuumbua siwaambii tena.